Pini Arobaini za Raspberry Pi
Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa mwaka 2012 ilikuwa na pini 26. Kila mtengenezaji wa bodi ya nyongeza alijichagulia pini zake, hivyo bodi mbili ziliweza kugombania pini moja. Mwaka 2014 ilitoka Model B+ yenye pini 40. Zile 26 zilibaki palepale ili bodi za zamani zisitupwe. Mwaka huohuo ukaja utaratibu wa HAT: pini ya 27 na ya 28 zilitengwa kwa ajili ya chipu inayoieleza kompyuta bodi ni ipi na inatumia pini zipi. Kwa maoni yangu ugomvi ulipungua tu, haukwisha, kwani utaratibu huo ulifikiria bodi moja. Anayepachika mbili bado hulazimika kulinganisha michoro yake, pini kwa pini, kabla ya kuwasha umeme.