Ngitili na Maji ya Usukuma

Tuonapo mto Simiyu umepunguka kiangazi, twalaumu mbingu. Lakini na tukumbuke mambo yaliyopita. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ya Usukuma ilikatwa ili mbung'o wakose kivuli. Kisha mashamba ya pamba yakaenea. Nchi ikabaki tupu. Mvua iliponyesha, maji yalikimbilia ziwa Victoria pamoja na udongo mzuri, wala ardhi haikupata nafasi ya kuyanywa. Wazee walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, mkoa uliokuwa na Bariadi wakati ule, na ngitili nyingi zikafufuka. Basi tusingoje mvua tu. Tuiwekee mahali pa kukaa.