Kaseti kwa Betri ya Gari

Anayetaka kujua kwa nini sisi wa Ganze tuliendelea kucheza gemu ya Contra miaka mingi baada ya Mombasa kuisahau, aanze kwa kuhesabu wati. Televisheni ndogo ya Great Wall, ile ya inchi 14 isiyo na rangi, ilikula kama wati 15. Mashine ya gemu ya kaseti ilikula tatu au nne. Betri ya gari iliyojaa iliziendesha zote mbili mchana kutwa, na usiku ikabaki na nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari redioni. PlayStation na televisheni ya rangi, zikipitishwa kwenye inveta, ziliimaliza betri hiyo hiyo kabla mashindano hayajapamba moto. Stima haikuwepo. Basi mwenye banda la gemu alichagua kaseti, na sisi tukakua na kaseti.

Nayatanguliza haya kwa sababu historia ya mashine za gemu imeandikwa zaidi na watu waliozaliwa na soketi ukutani. Humo utakuta sebule, zulia, mtoto na zawadi yake ya Krismasi. Kwetu mashine hizo hazikukaa nyumbani. Zilikaa bandani, zikafanya biashara, zikachezwa na kijiji kizima. Mimi ni fundi wa redio na simu, na nimezikusanya kwa miaka mingi. Karibu kila ninayoipata imekwisha mahali pamoja: mpira ulio chini ya vitufe vya pedi umelika hadi kutoboka. Mtoto mmoja peke yake hawezi kuila pedi namna hiyo.

Msomaji asiyeijua Ganze asiichanganye na Malindi wala Watamu. Sisi tuko bara, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nchi ya Wagiriama na, upande wa Jaribuni, ya Wakauma. Mvua zetu ni za kubahatisha. Bamba watu wanauza ng'ombe na mbuzi, Vitengeni wanalima mahindi wakiomba Mungu, na mtalii hapiti labda awe amepotea njia. Bidhaa hutufikia baada ya kuchoka kwingine. Ndivyo zilivyotufikia gemu.

Kaseti yenyewe ina mwanzo wake, na vijana wakija kwangu nawaambia habari hiyo kabla ya nyingine yoyote. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa Channel F, ya kwanza kucheza gemu zilizohifadhiwa ndani ya chipu za kaseti unayoweza kuichomoa na kuweka nyingine. Kabla ya hapo mchezo ulifungwa ndani ya mashine; ukiuchoka, umekwisha. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, Mmarekani mweusi, aliyefariki mwaka 2011. Kijana wa Ganze anapochomeka kaseti, anatumia kazi ya mtu huyo, na nataka alijue jina lake kabla ya kujua la Mario.

Miaka saba baadaye, tarehe 15 Julai 1983, Nintendo ilianza kuuza Famicom huko Japani, mashine iliyobuniwa na Masayuki Uemura. Pamoja na ndugu yake, NES ya Marekani na Ulaya, ziliuzwa zaidi ya milioni 61. Sijawahi kuona hata moja ya hizo Ganze. Zilizotufikia ni nakala zake kutoka Taiwan na baadaye kusini mwa China, zilizotengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ambayo mwenye duka dogo aliweza kuimudu. Ndani ya zile nzuri kulikuwa na chipu za kampuni ya UMC ya Taiwan, zilizofanywa ziendane na televisheni za mfumo wa PAL kama zetu. Kwa nje zilivalishwa sura yoyote. Moja ninayoipenda sana imeandikwa Terminator 2 na ina umbo la Mega Drive ya Sega, lakini ukiifungua unakutana na Famicom tupu. Nyingi zilinunuliwa Mombasa, upande wa Mwembe Tayari, zikapandishwa matatu hadi Kilifi, kisha zikapanda kwetu pamoja na sukari na mafuta ya taa.

Kaseti zake zilikuwa na maneno makubwa. Iliyoandikwa michezo 9999 ilikuwa na michezo michache iliyorudiwarudiwa: mara vifaru vinaanzia hatua ya tano, mara Mario anaruka juu kuliko kawaida, mara gari la Road Fighter limepewa jina lingine. Hatukulalamika. Vifaru, yaani Battle City ya Namco, vilitosha siku nzima, kwa kuwa watu wawili walipigana upande mmoja, wakilinda ngome moja. Bandani hapo walijengeka marafiki ambao mpaka leo wanafanya biashara pamoja.

Sasa siri ya betri, ambayo sijaiona ikielezwa vizuri popote. Famicom ilitengenezewa adapta ya volti 10, na nakala zake nyingi volti 9. Lakini chipu zenyewe zinataka volti 5 tu. Kazi ya kushusha inafanywa ndani na kifaa kidogo cha miguu mitatu kiitwacho 7805, na kifaa hicho hakijali kama umekipa 9 au 12. Kinachozidi kinakitoa kama joto. Kwa hiyo mashine hizi zilikubali betri ya gari moja kwa moja, bila inveta, bila kitu chochote kati. Televisheni ya Great Wall nayo ilikuwa na tundu lake la volti 12 kwa nyuma. Fundi alihitaji waya mbili, vibanio viwili, na akili ya kukumbuka kwamba pini ya katikati ya Famicom ni hasi, si chanya. Kwa joto la 7805 tulifunga kipande cha alumini kilichokatwa kwenye mfuniko wa sufuria iliyotoboka. Hakuna kiwanda kilichokusudia mashine hizi ziendeshwe kijijini kusiko na stima, lakini zilifanya kazi kana kwamba zilibuniwa kwa ajili yetu.

Betri ilichajiwa kwenye kinu cha posho, injini ya dizeli ilipokuwa ikisaga, au ilipelekwa Kilifi na kurudishwa jioni, imefungwa wima ili tindikali isimwagike. Mwenye banda aliyekosa zamu ya kuchaji alifunga. Vijana wakaijua kalenda ya kinu kuliko ya shule.

Banda lenyewe lilikuwa la udongo na makuti, na dirisha lilizibwa kwa gunia ili kioo kionekane. Uliingia kwa sarafu ya shilingi 5 ukapewa roho zako tatu za Contra au mechi moja. Aliyeshinda alibaki, aliyeshindwa alimpisha wa pili katika foleni. Sheria hiyo haikutoka Japani. Ni ya bao, na wazee waliokuwa wakichezea kete za komwe chini ya mwembe nje ya banda walikuwa nayo tangu kabla babu zao hawajazaliwa. Mzee mmoja aliwahi kuinama mlangoni, akatazama kimya, kisha akamwambia mtoto wa jirani yangu, "Mjukuu wangu, huyo unayemngoja aje kulia atakuja kushoto." Akaja kushoto. Mzee alirudi kwenye bao lake bila kusema zaidi.

Wasichana hawakuwepo, na sitaki kulipita jambo hilo. Sababu yake kubwa ni maji. Wakati wa kiangazi madumu yalichukuliwa mbali, na aliyetumwa ni binti. Saa ambazo kaka zake walijifunza kumaliza hatua ya nane, yeye alikuwa njiani. Dada zangu wameshika pedi kwa mara ya kwanza wakiwa wake za watu, hapa kwangu, na mmoja wao ana shabaha nzuri kwa bastola ya gemu ya kuwinda bata kuliko mwanamume yeyote ninayemjua.

PlayStation ilikuja kwa kuchelewa, na ilikuja ikifuata nguzo. Sony ilikuwa imeiuza Japani tangu Desemba 1994 na PlayStation 2 tangu Machi 2000. Hiyo ya pili imeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, miongoni mwa mashine za gemu zilizouzwa zaidi katika historia. Mombasa ilikuwa imeshajaa Winning Eleven na Tekken 3 wakati sisi tunabadilishana kaseti. Sheria ya Nishati ya 2006 ilipounda mamlaka ya kusambaza umeme vijijini, nyaya zilianza kufuata masoko, shule na zahanati, na palipofika waya sokoni, plei ilifika. Mwaka 2015 serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Hata hivyo nyumba nyingi za huku zilibaki gizani, na hapo ndipo PS2 nyembamba ilipotusaidia. Toleo la 70000 la mwaka 2004, na yaliyolifuata hadi kabla ya 90000, yana adapta ya nje ya volti 8.5. Kushusha 12 hadi 8.5 ni kazi ndogo kwa fundi mwenye vifaa. Kuanzia 90000 Sony waliingiza adapta ndani, na mashine ikahitaji stima kamili. Wakusanyaji wa kwingine hutafuta rangi adimu na maboksi yasiyofunguliwa. Mimi naigeuza kwanza nisome namba ya chini.

Mwanzoni mwa 2015 lilitokea jambo ambalo watu wengi walilichukia, nami nalishukuru. Kenya ilizima matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani, na kila asiyekuwa na dikoda akabaki na chenga kiooni. Televisheni zenye kisogo, nzima kabisa, zilitolewa nje zikawa viti vya kuku. Lakini mashine ya kaseti haihitaji mnara wa mtu. Yenyewe ni kituo kidogo, inapeleka picha yake kwenye tundu la antena. Nilizunguka na mkokoteni nikazichukua. Zingine nilipewa bure, nyingine nilitoa jogoo. Ile bastola ya kuwinda bata inategemea kioo kinachowaka mara tu picha inapotumwa, na televisheni bapa inachelewa, hivyo haipigi kitu. Bila vile vioo vinene mchezo huo ungekuwa umekufa Ganze.

Halafu mashine za kamari zikaharibu jina letu. Zile za sarafu zilizoenea madukani hadi vijijini ziliwalia watoto pesa za chakula, na serikali ilipozikamata na kuzichoma mwaka 2018, baadhi ya wazazi na wazee wa mtaa hawakutenganisha kioo na kioo. Mabanda ya gemu yalifungwa pamoja nazo. Kosa hilo linaniuma hadi leo. Kwenye Battle City kijana hupoteza shilingi tano anazozijua na mchana mmoja. Kwenye kamari hupoteza asichokuwa nacho. Mashine kadhaa zilitupwa jalalani kwa hofu, na nilizookota nilizifufua.

Ukitaka kukusanya hapa, shukuru ukame. Mashine zitokazo Malindi na Watamu nazitambua kabla sijafungua: skrubu zimeota kutu na ubao una ukungu wa kijani wa chumvi ya bahari. Za Ganze zina vumbi jekundu, na vumbi linapanguswa. Adui wetu ni panya anayekula waya, na mjusi anayeingia kutafuta joto akaunganisha chanya na hasi kwa mwili wake. Kaseti isiyosoma usiipulize. Mate yanaleta kutu polepole. Sugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, kisha pangusa kwa spiriti.

Na fungua kabla ya kulipa. Ukiona chipu zenye miguu, kila moja na namba yake, hiyo ni ya miaka ya mwanzo na inatengenezeka: kapasita ikivimba unabadilisha, 7805 ikiungua inapatikana hata kwenye redio mbovu. Ukiona tone jeusi gumu la gundi katikati ya ubao mtupu, vyote vimefungwa humo, na likifa hakuna fundi duniani wa kulifufua. Hizo nazinunua kwa ajili ya pedi na kasha tu.

PS2 zina ugonjwa mwingine, jicho la kusomea sidii. Sidii za kunakili zililichosha, na lenzi mpya siku hizi ni shida. Lakini memori kadi iliyowekwa Free McBoot, programu iliyotoka mwaka 2008, huiwezesha mashine kusoma gemu kutoka kwenye flashi bila sidii kabisa. FIFA 14 ndiyo FIFA ya mwisho kutolewa kwa PS2, na vijana bado wananiletea flashi zenye vikosi vya msimu huu, vimeingizwa ndani ya gemu hiyo hiyo na watu wanaoipenda.

Mezani kwangu sasa ipo 77000 kutoka Vitengeni. Inawaka taa nyekundu na haibadiliki kuwa ya kijani. Nashuku fyuzi ndogo iliyo karibu na kitufe, ile iliyoandikwa kwa herufi ambazo bila miwani huzioni. Mwenyewe anataka iwe tayari kabla shule hazijafungwa. Amepata sola ya wati 100 na betri mbili, na amesema banda lake litakuwa na siku ya wasichana peke yao, wacheze bure. Nimemwambia pedi za siku hiyo natoa mimi.