Kumfundisha mtoto kiziwi kutamka kwa kuiona sauti yake

Mtoto anayesikia hujirekebisha mwenyewe: anatamka, anajisikia, anajaribu tena. Mtoto kiziwi anaweza kupaza sauti au kunong'ona bila kujua tofauti. Teknolojia ya kuonyesha sauti humsaidia kujua kwa macho kile ambacho masikio hayamwambii.

Inafanyaje kazi?

Maikrofoni ya simu au kompyuta hupokea sauti ya mtoto, na programu huigeuza kuwa picha papo hapo. Akipaza sauti, mchoro unakuwa mkubwa, akinyamaza, unatulia. Programu nyingine huonyesha pia kama sauti ni nene au nyembamba. Mwalimu hutamka kwanza, kisha mtoto hujaribu kutoa mchoro unaofanana. Programu nyingi zina maneno ya Kiingereza, lakini mchoro wa sauti hauchagui lugha. Tumia lugha mnayozungumza nyumbani, iwe Kiiraqw, Kimaasai au Kiswahili.

Unaweza kufanya nini nyumbani?

Midomo peke yake haitoshi. "Papa", "baba" na "mama" huonekana karibu sawa. Jaribu haya:

- Kioo: kaeni pamoja mbele yake, penye mwanga, aone mdomo wako na wake.
- Karatasi nyepesi: ishike mbele ya mdomo. Ukisema "pa" inatikisika; ukisema "mmm" inatulia.
- Mkono: aweke vidole kooni mwako, kisha kwake. "Zzz" inatetemesha koo, "sss" haitetemeshi. Kwa "mmm", aguse pua.
- Simu janja: programu nyingi za kurekodi huonyesha mawimbi ya sauti, hata bila intaneti. Zinafaa kwa kujifunza sauti kubwa na ndogo, ndefu na fupi.

Dakika 5 hadi 10 kwa siku zinatosha. Ufanye uwe mchezo. Usimkaripie akikosea, na acheni akichoka.

Usisubiri atamke ndipo uzungumze naye

Hili ndilo muhimu kuliko yote. Mchoro unamfundisha kutawala sauti, lakini haumfundishi maana ya maneno. Miaka ya kwanza ndiyo ambayo ubongo hujifunza lugha kwa urahisi zaidi, na mtoto anayekaa bila lugha yoyote hubaki nyuma katika kufikiri, kujieleza na shule. Tumia ishara tangu leo, na jifunzeni Lugha ya Alama ya Tanzania familia nzima. Ishara hazimzuii mtoto kujifunza kutamka. Baadhi ya watoto viziwi hawatazungumza kwa sauti, na hilo si kosa la mama wala la mtoto.

Uanzie wapi?

Mpeleke mtoto kupimwa mapema ikiwa hashtuki kwa kelele, ikiwa hageukii sauti akiwa na miezi 6, au ikiwa ameacha kutamka maneno aliyokuwa nayo. Anzia zahanati au kituo cha afya, au Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, na uombe rufaa. KCMC, Moshi, ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Kwa baadhi ya watoto, shimesikio husaidia. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia.

Mtoto akitokwa usaha sikioni, usimtie mafuta wala dawa ya kienyeji. Mpeleke kituoni. Akiwa na homa kali na shingo ngumu, mpeleke hospitali mara moja: homa ya uti wa mgongo inaweza kuua, na inaweza kuharibu usikivu.