Upasuaji wa plastiki na afya ya jamii

Upasuaji wa plastiki ni tawi la tiba linalorekebisha ngozi na viungo vilivyoharibiwa na moto, ajali, saratani au kasoro za kuzaliwa. Wengi hulihusisha na urembo wa wenye fedha, lakini historia ya Afrika Mashariki inaonyesha vinginevyo: mwaka 1957 mabingwa watatu wa fani hii, Archibald McIndoe, Michael Wood na Tom Rees, waliasisi huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa shirika la afya la AMREF. Katika kata ya milimani kama Ikuti, wilayani Rungwe, Tanzania, ambako watoto huota moto jikoni, thamani ya fani hii hupimwa kwa uwezo wa kufanya kazi. Kovu la moto lisilotibiwa hukaza na kukunja vidole, na mkono wa namna hiyo haushiki jembe wala hauchumi chai. Mtoto mwenye kaakaa wazi hunyonya kwa shida, maziwa yakimtokea puani.

Wapo wanaopinga kwamba fedha za upasuaji huu zingefaa zaidi chanjo na malaria. Hoja hiyo inasahau kuwa upasuaji mmoja wa mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka tangu kuzaliwa, hufaa maisha yote. Tena, tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kuwa watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji salama. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kambi za upasuaji za madaktari wageni huondoka kabla kidonda hakijapona. Hilo ni kweli. Ngozi iliyopandikizwa huhitaji mazoezi ya viungo kwa miezi, kazi ya wauguzi na wataalamu wanaoishi jirani na mgonjwa.