Ramli ya Figo

Dada yangu aliuliza kwa sauti ya chini, kwenye benchi la nje ya wodi, Dar es Salaam. Amempakata mwanawe wa miaka minne, tumbo limetuna upande mmoja kama aliyemeza boga. "Daktari, atapona?" Daktari akatazama tumbo, akatazama karatasi, akasema, "Mama, tupime kwanza." Dada akanigeukia, akaninong'oneza: "Kaka, na huyu naye anapiga ramli?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini swali lile lilinikaa kichwani hata nikaanza kulisomea historia. Maana kweli, ndugu msomaji, daktari anaposema huyu atapona na yule hatapona, anasoma nini? Mganga ana bao lake na mchanga wake. Daktari ana nini?

Hadithi yetu ilianzia kijijini Kongwa. Bibi alisema ni bandama. Zahanati moja, sitaitaja, ikasema minyoo, ikatoa dawa ya minyoo mara mbili. Siwalaumu sana. Tumbo la mtoto likivimba, nani ataanza kufikiria figo? Basi miezi mitatu ikapita hivyo hivyo. Altrasaundi ndiyo iliyotutoa gizani: uvimbe kwenye figo ya kushoto.

Uvimbe huo una jina la mtu. Max Wilms, mpasuaji Mjerumani, aliuandikia kitabu mwaka 1899, na saratani hiyo ya figo za watoto inaitwa hadi leo kwa jina lake. Miaka 30 kabla yake, mwaka 1869, Mjerumani mwingine, Gustav Simon, alikuwa ameonyesha kwamba binadamu anaweza kutolewa figo moja akaishi na iliyobaki. Alifanya mazoezi kwa mbwa kwanza, kisha akampasua mwanamke mmoja kule Heidelberg, na mama yule akapona. Kuanzia hapo kisu kikawa tumaini. Lakini kwa watoto wa Wilms kisu peke yake hakikutosha. Wengi walikufa baadaye, ugonjwa umeshahamia mapafuni.

Ramli ya kwanza ya madaktari, basi, ilikuwa ya macho na mikono. Uvimbe umefika wapi? Uko ndani ya figo tu, au umetoka nje? Umefika mapafuni? Wakaupanga kwa hatua, ya kwanza hadi ya tano, na kila hatua ikawa na bahati yake.

Ramli ya pili ilikuwa ya hadubini. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Beckwith na Palmer, walieleza kwamba si uvimbe wote una sura moja. Kuna wenye seli zilizovurugika, viini vyake vikubwa kupita kiasi, na huo ndio mkaidi. Watoto wawili wa hatua moja, kitanda kwa kitanda, wanaweza kuwa na safari mbili tofauti kabisa.

Ramli ya tatu ikaingia ndani zaidi, kwenye jeni. Mwaka 1990 ilipatikana jeni iliyopewa jina WT1, kwenye kromosomu ya 11. Mwaka 2005 ikatangazwa habari iliyobadilisha kazi ya wodini: uvimbe uliopoteza kipande cha kromosomu ya 1 pamoja na kipande cha kromosomu ya 16 una hatari kubwa zaidi ya kurudi. Hizo ndizo wanazoziita alama za kimolekuli. Faida yake si kumtisha mama. Aliye na alama mbaya aongezewe dawa. Asiye nayo asilishwe sumu ya bure. Kwa watu wazima pia, ambao saratani yao ya figo ni ya aina nyingine, jeni ya VHL ilipatikana mwaka 1993, na miaka ya 2010 ikaonekana kwamba wenye hitilafu kwenye jeni ya BAP1 kwa kawaida huwa na hali mbaya kuliko wenye hitilafu kwenye PBRM1.

Dawa nazo zilikuwa zimekuja. Moja, vinkristini, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, inatokana na mmea wenye asili ya Madagaska, wa maua ya waridi na meupe, ambao watu wanaupanda kupamba nyua zao. Kwa kuunganisha kisu, dawa na mionzi, leo katika nchi tajiri watoto kama 9 kati ya 10 wanapona ugonjwa huu.

Sasa turudi Kongwa. Sisi wa kule tuna somo la zamani kuhusu ramli za mbali. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu kutafuta mashamba ya karanga, wakaitazama sehemu kubwa ya nchi kutoka kwenye ndege. Mahesabu yakakaa vizuri kwenye karatasi. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka, na 1951 mradi ukafa, umemeza mamilioni ya pauni. Mvua haikuwa imesoma karatasi zile.

Hizo alama za jeni nazo zilipatikana zaidi kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Watafiti waliopima uvimbe wa watoto wachache wa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2012, waliona dalili kwamba haufanani kabisa na wa Marekani. Lakini habari iliyonichoma ni nyingine, ya Kenya hiyo hiyo. Walipofuatilia watoto waliotibiwa kwenye hospitali kubwa kati ya 2008 na 2012, baada ya miaka miwili karibu nusu tu ndio walihesabiwa kuwa salama, na nusu ya wagonjwa wote walikuwa wamepotea, hawajulikani waliko. Wale wachache waliomaliza dawa zote je? Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa salama.

Nilisoma hiyo mara mbili, nikafunga.

Kwa sababu mtoto wetu alipasuliwa vizuri. Dripu za kwanza zilimwingia vizuri. Zilibaki sindano za miezi kadhaa. Ikafika Desemba, mvua yetu ya mara moja kwa mwaka ikaanza, na mama mwenye watoto wengine wanne akarudi kulima mtama. Januari akanipigia: "Kaka, nauli ya kurudi Dar sina." Nilikuwa nayo. Nilimwambia asubiri kidogo, operesheni si imeshafanyika? Nikanunua viatu.

Mei akaanza kukohoa. Ulikuwa umefika mapafuni. Tulimzika Agosti, siku ya upepo na vumbi.

Uvimbe wake haukupimwa jeni. Sitajua kamwe kromosomu yake ya 1 ingesema nini. Pengine ingesema hatari, pengine hapana. Sisemi vipimo hivyo havina maana. Navitamani vifike hapa Dodoma, mji wenye hospitali inayopandikiza figo tangu 2018. Lakini kwa mtoto wa uwanda huu alama ya kwanza inasomwa bila hadubini: alifika mwezi wa ngapi, na alimaliza dozi?

Wewe mwenye kalamu changa, nakuachia kazi. Kijijini kwenu, ukiona tumbo la mtoto limetuna upande mmoja, usingoje dawa ya minyoo ya pili. Na akishapasuliwa, mtumie mama yake nauli.

Dada hajanilaumu hata siku moja. Aliuliza tu, siku ya arobaini, tukipeta mtama: "Kaka, hivi yule daktari alijua?"

Nilimjibu kwamba alijua sehemu yake. Sehemu nyingine ilikuwa mfukoni mwangu.