Oili ya injini kwa magari ya kazi

Oili ya injini ni kiowevu kinachozunguka ndani ya injini ya gari ili vyuma vinavyopita juu ya vingine visisagane. Kuna aina kuu mbili. Oili ya kawaida huitwa pia oili ya madini, kwa kuwa msingi wake husafishwa kutoka katika mafuta ghafi. Oili ya sintetiki ina msingi ulioundwa au kubadilishwa kiwandani kwa njia za kikemia. Kati yake ipo nusu sintetiki, ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Kwa gari la nyumbani linalotembea kidogo, kuchagua kati ya aina hizo ni jambo dogo la bei. Kwa daladala, matatu, lori, trekta, gari la wagonjwa au bodaboda, jambo ni zito zaidi: oili hununuliwa mara nyingi, na injini ikifa mapato ya watu kadhaa husimama siku hiyo hiyo.

Kazi ya oili

Kulainisha ndiyo kazi inayojulikana zaidi, lakini si ya pekee. Oili hubeba joto kutoka kwenye pistoni na beringi, husaidia ringi za pistoni kuzuia gesi zisivuje, huzuia kutu, hupunguza makali ya asidi zinazotokana na salfa iliyo katika dizeli, na hubeba masizi na uchafu hadi kwenye filta. Kwa kazi hizo zote msingi wa oili peke yake hautoshi. Kiwandani huongezwa kemikali mbalimbali, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 30 ya oili yote. Kemikali hizo huisha kadiri injini inavyofanya kazi, na zikiisha oili haifai tena hata kama bado ipo ya kutosha kwenye kijiti cha kupimia.

Asili ya oili ya sintetiki

Injini za mwanzo zililainishwa kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mafuta ya mbarika yalitumika sana katika ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Oili ya petroli ilienea baada ya uchimbaji wa mafuta kuanza Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859. Misingi ya sintetiki ilifanyiwa utafiti Marekani na Ujerumani kuanzia miaka ya 1920 na 1930, ikapata soko katika injini za ndege za jeti, na kuwafikia wenye magari ya kawaida katika miaka ya 1970.

Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) hugawa misingi ya oili katika makundi matano. Kundi la I husafishwa kwa viyeyusho. Kundi la II na la III husafishwa zaidi kwa hidrojeni chini ya shinikizo kubwa. Kundi la IV huundwa kwa kuunganisha molekuli ndogo za hidrokaboni. Kundi la V ni misingi mingine yote, pamoja na esta. Makundi mawili ya mwisho ndiyo yaliyoitwa sintetiki zamani. Mwaka 1999 chombo cha kusimamia matangazo ya biashara nchini Marekani kiliamua katika mgogoro wa kampuni mbili kwamba kundi la III nalo linaweza kuuzwa kwa jina hilo, ingawa chanzo chake ni mafuta ghafi. Tangu hapo neno "sintetiki" juu ya kopo halimwambii mnunuzi mambo mengi. Herufi na tarakimu zilizo karibu nalo ndizo zenye habari.

Kusoma kopo

Alama kama 15W-40 hutokana na kanuni za Chama cha Wahandisi wa Magari (SAE). Huonyesha mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka. Tarakimu ya kwanza pamoja na W hueleza tabia ya oili katika baridi: ya 15W hupimwa kama inaweza kusukumwa na pampu katika nyuzijoto 25 chini ya sifuri, na ya 5W katika nyuzijoto 35 chini ya sifuri. Tarakimu ya pili hueleza mnato injini ikiwa na joto la kazi. Kipimo chake hufanyika katika nyuzijoto 100.

Hapa ndipo sifa moja kubwa ya sintetiki inapopungua thamani kwa dereva wa Afrika Mashariki. Katika Kanada au Urusi, oili inayotiririka haraka asubuhi ya baridi kali huokoa injini. Hata Makete au Nyandarua, ambako jalidi huonekana miezi ya baridi, hakuna asubuhi inayokaribia kiwango cha 15W.

Alama ya pili ni ya ubora. API hutumia S kwa injini za petroli na C kwa injini za dizeli, kisha herufi inayosogea mbele kadiri masharti yanavyoongezeka. CI-4 ilianza mwaka 2002 na CK-4 mwishoni mwa 2016. Oili ya madini yenye alama ya CI-4 inafaa zaidi kwa lori la dizeli lililobuniwa kwa alama hiyo kuliko sintetiki ya gari dogo la petroli, hata kama ya pili ina bei mara tatu. Malori mapya yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi yanahitaji oili yenye majivu machache, kama CJ-4 au CK-4. Oili isiyo sahihi huziba chujio hilo, na kulibadilisha ni ghali.

Mazingira ya kazi

Vitabu vya magari huwa na ratiba mbili: matumizi ya kawaida na matumizi magumu. Wenye magari hupenda kusoma ya kwanza, lakini karibu kila gari la kazi liko katika ya pili. Matumizi magumu ni vumbi, mizigo mizito, milima, safari fupi zenye vituo vingi, na injini kunguruma gari likiwa limesimama. Foleni ya Dar es Salaam au Nairobi huongeza saa za injini bila kuongeza kilomita. Baadhi ya watengenezaji hukadiria saa moja ya kunguruma bila kutembea kuwa sawa na kilomita 40 hadi 50. Kwa sababu hiyo trekta na mitambo ya ujenzi hupangiwa saa, mara nyingi 250, badala ya kilomita.

Sintetiki hustahimili joto vizuri zaidi. Haigandi kuwa tope haraka, na haiachi makaa mengi kwenye beringi za turbo, ambako joto ni kali hasa injini inapozimwa ghafla baada ya kupanda mlima. Kwa lori lenye turbo linalovuta shehena kutoka bandarini kwenda bara, faida hiyo ni ya kweli. Lakini sintetiki haiondoi vumbi lililopita kwenye chujio bovu la hewa, wala masizi, wala dizeli inayovuja kutoka kwenye nozeli hadi ndani ya oili. Injini yenye matatizo hayo huchafua oili ya bei ghali kwa kasi ile ile.

Hesabu ya gharama

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Basi dogo linachukua lita 6. Oili ya madini ni shilingi 10,000 kwa lita, sintetiki 25,000, na filta 15,000. Oili ya madini ikibadilishwa kila kilomita 5,000, kila sevisi ni shilingi 75,000, yaani shilingi 15 kwa kilomita. Sevisi ya sintetiki ni shilingi 165,000. Ili ilingane na ile ya kwanza ni lazima idumu kilomita 11,000. Mwenye gari anayenunua sintetiki na bado kuimwaga kila kilomita 5,000 analipa shilingi 33 kwa kilomita. Anayeiacha hadi 11,000 katika vumbi bila kuipima anahatarisha injini.

Makampuni makubwa ya usafirishaji hutatua jambo hili kwa kupeleka sampuli ya oili maabara, ambako hupimwa chuma, silikoni ya vumbi, masizi na asidi. Lori lenye lita 30 au 40 za oili linaweza kurudisha gharama ya kipimo. Mwenye daladala moja hawezi kwa urahisi, na kwake oili ya madini yenye alama sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, kwa kawaida ndiyo chaguo bora.

Tatizo lingine liko nje ya kemia. Katika daladala nyingi mwenye gari hulipia oili, na dereva hudaiwa hesabu ya siku. Siku ya gereji ni hasara ya dereva, injini ikifa ni hasara ya mwenye gari. Hivyo sevisi husogezwa mbele wiki baada ya wiki. Hakuna oili inayofidia mpango wa namna hiyo.

Pikipiki

Katika bodaboda nyingi oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano ambazo hufanya klachi iteleze. Kwa pikipiki hizo hutafutwa alama ya Kijapani ya JASO MA au MA2, iwe ya madini au sintetiki.

Dhana zilizoenea

Husemwa kwamba oili ikiwa nyeusi imeharibika. Katika injini ya dizeli oili huwa nyeusi mapema sana kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Husemwa pia kwamba aliyeanza sintetiki hawezi kurudi kwenye madini. Oili zenye leseni ya API hutakiwa ziweze kuchanganyika, kwa hiyo kurudi kunawezekana. Kuvuja kwa injini kuukuu baada ya kuwekewa sintetiki kuna ukweli kidogo: baadhi ya oili za awali zilisinyaza sili za mpira, na hata leo tope likisafishwa huenda likafichua sili iliyokwisha zamani. Injini inayokula oili haifaidiki kwa kujazwa sintetiki kila wiki.

Bei kubwa ya sintetiki huvutia waghushi, ambao hujaza oili duni au iliyotumika katika makopo ya zamani. Mafundi waangalifu hukagua mfuniko na alama ya shirika la viwango, na hutoboa kopo likishaisha.

Oili chafu

Oili iliyomwagwa hutumika sehemu nyingi kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa. Ina vipande vya metali na hidrokaboni zinazoweza kusababisha saratani, kwa hiyo hudhuru ngozi ya anayepaka bila glavu na huharibu maji ya kisima inapozama ardhini. Sintetiki iliyotumika haina tofauti katika hilo. Oili chafu iliyokusanywa huweza kuchomwa katika tanuri za saruji au kusafishwa upya kuwa msingi wa oili nyingine.