Hipnosisi: usingizi usio usingizi

Neno hipnosisi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Daktari Mskoti James Braid alilieneza kwa kitabu chake cha 1843, kisha mwenyewe akaona linapotosha. Mwaka 1847 akapendekeza jina jingine, lenye maana ya kushikwa na wazo moja. Halikushika.

Kosa la kuiona kama usingizi bado linaishi. Wengi huamini kwamba mgonjwa hulazwa usingizi, akatawaliwa kama mateka. Sivyo. Mtu huwa macho, fikra zimetulia mahali pamoja. Husikia, hujibu, na akitaka hukataa au huinuka akaenda zake.

La hatari zaidi ni imani kwamba hipnosisi hufukua kumbukumbu zikatoka safi. Hipnosisi inaweza kuzaa kumbukumbu za uongo, na mwenyewe akaziamini kwa moyo wote. Fikiria Katesh, wilayani Hanang, Tanzania, ambako tope la mlimani liliua watu zaidi ya 80 tarehe 3 Desemba 2023. Kumshurutisha aliyefiwa kwa hipnosisi akumbuke kila dakika ya siku ile ni kumtonesha kidonda.

Wala hipnosisi haichukui nafasi ya tiba ya hospitali, kama vile dawa za kifafa. Mwenye kifafa huko Mbulu aanzie hospitali, kama ile ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa 1955. Hipnosisi imeonyesha faida katika kupunguza maumivu na msokoto wa tumbo wa muda mrefu, ikitolewa na mtaalamu wa afya aliyeisomea.